Tapeli Ameshindwa Mara ya Kwanza: Milango ya Kufunga Kabla Hajarudi

Meseji yenye namba ya uthibitisho ambayo hukuiomba. Simu ya kampuni ya mikopo inayokudai hela ambayo hukuikopa. Benki inakuuliza kama kweli ni wewe uliyeomba namba ya simu ya akaunti ibadilishwe. Ukikutana na mojawapo ya haya, ujue huenda kuna mtu ana taarifa zako, amejaribu kuzitumia, na safari hii amegonga mwamba. Wengi hapo humshukuru Mungu na kuendelea na shughuli zao. Lakini kushindwa kwake hakujamnyang'anya kitu. Namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, huenda bado anayo, na tarehe yako ya kuzaliwa, pengine hata picha ya kitambulisho chenyewe, mbele na nyuma.

Ugumu uko hapa: neno la siri likivuja unalibadilisha papo hapo, na kadi ya benki ikiibwa unapewa nyingine yenye namba tofauti, ila namba ya NIDA ni ya maisha. Hata kadi ikipotea ukachapiwa nyingine, namba inabaki ileile. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kama namba yako ya siri ya kutolea hela ni mwaka wa kuzaliwa, basi imechapishwa mwanzoni kabisa mwa namba hiyo, na kila aliyewahi kukutolea kopi ameiona. Ibadilishe kabla hujaendelea kusoma.

Kwa kuwa namba yenyewe haibadiliki, kazi inayobaki ni kufunga milango inayofunguliwa nayo, na kuacha maandishi kila unapopita. Mpangilio una maana. Laini ya simu inatangulia, kwa sababu benki, pochi za simu, WhatsApp na hata barua pepe zinakutambua kwa meseji zinazoingia kwenye laini hiyo. Ukikimbilia kubadilisha neno la siri la benki wakati laini iko mikononi mwa mwingine, namba ya uthibitisho ya neno hilo jipya ataipokea yeye.

Laini zenye jina lako

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019, na tangu hapo laini ya raia inafungwa kwenye namba yake ya NIDA. Piga *106#. Menyu ina sehemu ya kuhakiki laini unayoitumia, na sehemu ya kuona namba nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, za mtandao huo na za mitandao mingine. Zipitie zote. Kama una laini ya mtandao mwingine, rudia nayo.

Ukikuta namba usiyoijua, usikimbilie kuifuta. Piga skrinishoti kwanza, au kama ni kitochi, nakili namba kwenye daftari pamoja na tarehe na saa. Laini hiyo ikiwa imeshatumika kutapeli watu, polisi wataifuatilia mpaka kwenye jina lililosajiliwa, nalo ni lako. Kumbukumbu kwamba uliigundua na kuiripoti mwenyewe ndiyo itakayokutenganisha na mhalifu. Ukishahifadhi ushahidi, nenda duka la mtandao husika ukiwa na kitambulisho, uombe usajili ufutwe. Nenda duka lenyewe, usiishie kwa wakala wa barabarani. Siku chache baadaye piga tena *106# uone kama kweli imetoka, maana kuambiwa "tayari" dirishani hakutoshi.

Laini hizi za ziada hutoka wapi? Mara nyingi zinatoka kwako mwenyewe, bila kujua. Pita Mwanjelwa au Kabwe pale Mbeya, au Mashine Tatu pale Iringa, utaona vijana wa kusajili laini chini ya miavuli yao. Wengi wanafanya kazi yao kwa haki. Asiye mwaminifu ana mchezo mfupi: unaweka kidole, usajili unakubali, naye anageuza kifaa upande wake na kusema "hakijasoma, weka tena". Kidole cha pili kinakamilisha usajili wa laini nyingine, ambayo inabaki mfukoni mwake.

Shida ni kwamba vidole hugoma kweli. Mikono ya mchuma chai wa Mufindi au Rungwe, ya fundi ujenzi, ya mama anayepukuchua mahindi, huwa imesagika, na asubuhi ya baridi ya Njombe ngozi kavu inazidisha. Kwa hiyo kurudia kidole peke yake si dalili ya wizi. Cha kuangalia ni kioo cha kifaa: kila unapoambiwa hakijasoma, omba uone maandishi yaliyotokea. Akikataa au akikigeuza, simama hapo. Futa kidole kwa kitambaa kikavu, jaribu kidole kingine, na kabla hujaondoka mbele ya mwavuli piga *106# palepale. Haichukui hata dakika mbili.

Kuna wizi wa aina nyingine ambao hauhitaji laini mpya. Mtu anakupigia akijifanya mhudumu, anakwambia "bonyeza nyota nyota ishirini na moja" kisha namba fulani, ili "kurekebisha mtandao". Hapo umeelekeza simu zako zote ziingie kwake, zikiwemo zile za kompyuta zinazosoma namba ya uthibitisho kwa sauti. Kuangalia, piga *#21#. Ikionyesha kwamba simu zinaelekezwa kwenye namba usiyoijua, piga ##002# kufuta maelekezo yote.

Na ikitokea mtandao umekata ghafla? Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini umeme ukikatika, mnara nao unaweza kuzimika, hivyo mwulize kwanza jirani mwenye mtandao kama wako. Kama yeye anapata na wewe hupati, hamishia laini yako kwenye simu nyingine. Ikikataa huko pia, chukulia kwamba kuna mtu ameirudisha laini yako kwenye kadi nyingine. Azima simu yenye laini ya mtandao huohuo, piga 100, uombe laini na pochi ya hela vifungwe mara moja. Kwenda duka la mtandao kunaweza kusubiri saa mbili za basi kutoka Makete au Ludewa. Kupiga 100 hakuwezi kusubiri.

Mwisho wa habari za laini: weka namba ya siri kwenye kadi ya laini yenyewe kupitia mipangilio ya usalama ya simu, ili simu ikiibwa, mwizi asiweze kuhamishia laini kwenye simu yake na kupokea meseji zako. Ukikosea mara 3 itadai PUK, yaani namba ya kufungulia laini iliyojifunga, na PUK ukiikosea mara 10 laini inakufa kabisa. Kwa hiyo andika PUK mahali salama nyumbani kabla hujaanza kuchezea.

Hela, kisha WhatsApp

Laini ikiwa salama, ingia kwenye pochi ya simu. Badilisha namba ya siri, kisha omba taarifa ya miamala ya miezi mitatu iliyopita na uisome mstari kwa mstari. Tafuta kiasi kidogo kisichoeleweka: shilingi 500 au 1,000 kwenda kwa mtu usiyemjua, au malipo ya huduma ambayo hukuyaomba. Mwizi mwangalifu hujaribu kidogo kwanza aone kama utashtuka.

Benki, usipige simu tu. Nenda na barua. Iwe fupi: jina, namba ya akaunti, kilichotokea na tarehe yake, kisha maombi yako. Omba kadi ya zamani izuiwe na utolewe nyingine. Omba wakuonyeshe namba ya simu na barua pepe zilizounganishwa na akaunti, na simu zilizosajiliwa kutumia programu ya benki. Omba kiwango cha juu cha kuhamisha hela kwa siku kipunguzwe mpaka mambo yatulie. La mwisho linasahauliwa sana: omba mabadiliko yoyote ya namba ya simu yafanyike tu ukifika tawini mwenyewe na kitambulisho. Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine wagonge muhuri wa kupokelewa wakurudishie. Muhuri ule una tarehe, na ikitokea mgogoro wiki tatu baadaye, tarehe hiyo ndiyo itakayoonyesha nani alizembea.

WhatsApp nayo usiiache, maana kwa wizi wa jina ni rahisi kuliko benki: tapeli akiipata anawaomba hela ndugu zako wote kwa picha yako. Fungua mipangilio, angalia vifaa vilivyounganishwa, ondoa usivyovijua. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka tarakimu 6 zako na barua pepe ya kukusaidia ukisahau. Kama ameshaiteka, isajili upya kwenye simu yako kwa namba itakayokuja kwa meseji. Yeye atatolewa hapohapo. Ukiombwa tarakimu za hatua mbili ambazo aliziweka yeye, utasubiri siku 7, lakini katika siku hizo na yeye hana cha kufanya. Tumia muda huo kuwajulisha watu kwa simu ya kawaida, kuanzia wale wa vikundi vya VICOBA na vya michango ya harusi, ambako hela huombwa kila siku na hakuna anayeshangaa.

Deni ambalo hukulikopa

Huu ndio mlango unaoumiza kwa muda mrefu, kwa sababu hausikiki ukifunguliwa. Mtu mwenye namba yako ya NIDA na laini iliyosajiliwa kwa jina lako anaweza kuomba mkopo wa simu. Hela inaingia kwake, deni linabaki kwako, na wewe unakuja kujua siku unapoomba mkopo wa pembejeo au wa pikipiki ukaambiwa una historia mbaya.

Tanzania ina kampuni za kutunza taarifa za wakopaji zenye leseni ya Benki Kuu, zikiwemo Creditinfo na Dun & Bradstreet. Benki na wakopeshaji hupeleka huko taarifa za nani amekopa na nani amelipa. Una haki ya kuomba ripoti yako na kupinga kilichokosewa. Iombe mara moja baada ya tukio, kisha iombe tena baada ya miezi miwili au mitatu, kwa kuwa mkopo uliochukuliwa juzi huenda bado haujaingizwa.

Ukipigiwa na mdai, kosa kubwa ni kulipa kidogo ili wakuache. Malipo hayo yanaweza kusomwa kama kukubali deni. Badala yake waandikie, uombe vitu vitatu: nakala ya mkataba, tarehe na saa mkopo ulipotolewa, na namba ya simu au akaunti ambako hela ilipelekwa. Hilo la tatu ndilo lenye nguvu. Hela ikiwa ilikwenda kwenye laini ambayo ulishairipoti baada ya kuiona kwenye *106#, skrinishoti yako na barua yenye muhuri vinajibu nusu ya maswali.

Uliza pia leseni. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kampuni inayokopesha umma inatakiwa kuwa na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Anayekutisha kwamba atasambaza picha yako kwa watu walioko kwenye simu yako mara nyingi ni wa kundi hilo. Usibishane naye kwa simu. Hifadhi meseji zake zote. Mwenye leseni akikataa kusikiliza malalamiko yako ya maandishi, yapeleke Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya mjini, ukiambatanisha barua yako yenye muhuri na majibu waliyokupa. Ukienda bila kuanza kwa mkopeshaji mwenyewe, utarudishwa ukaanzie huko.

Maswali ambayo Facebook inayajibu

Mifumo mingi sasa inakuhakiki bila kidole. Ukiomba TIN (namba ya mlipakodi) mtandaoni, ukisajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, au ukifungua akaunti ya benki kwa simu, unaweka namba ya NIDA kisha unaulizwa maswali kutoka kwenye fomu uliyojaza siku ya kujiandikisha: jina la mama, shule ya msingi, mwaka wa kumaliza, kata uliyozaliwa. Mwenye picha ya kitambulisho chako anahitaji tu majibu hayo, na mengi tunayaweka wazi wenyewe: "Hongera mama yangu" na jina lake kamili, kikundi cha waliomaliza darasa la saba shule fulani mwaka fulani. Futa au ficha hayo. Kisha pita ofisi ya mamlaka ya mapato, TRA, ya mkoa wako, uulize kama kuna TIN iliyofunguliwa kwa namba yako na shughuli gani imeandikwa humo. Biashara usiyoijua yenye jina lako itazalisha kodi usiyoijua.

Karatasi unazotakiwa kuwa nazo

Hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili. Taarifa ya upotevu, ile inayoombwa kwenye mfumo wa polisi mtandaoni na kulipiwa kwa namba ya malipo, inathibitisha tu kwamba kitu kimepotea. Inakusaidia kupata kadi mpya ya NIDA au ya benki. Haisemi popote kwamba kuna mtu amejifanya wewe. Kwa hilo unahitaji kufungua malalamiko kituoni na kupewa namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya malalamiko yako kwenye kitabu cha polisi.

Ukiambiwa "hujapoteza hela, rudi nyumbani", eleza kwa heshima kwamba kifungu cha 15 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta. Nenda na vitu mkononi: skrinishoti za *106#, meseji na namba zilizokupigia, barua ya benki, nakala ya kitambulisho. Afisa anayepewa karatasi zilizopangwa kwa tarehe huandika maelezo yanayoeleweka. Anayepewa hadithi ya mdomo huandika mistari mitatu.

Namba ya tapeli yenyewe iripoti kwa kutuma ujumbe wake kwenda 15040, kisha fuata maelekezo ya kuandika namba iliyoutuma. Kama duka la mtandao linakuzungusha, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini pale Mbeya. Na kama una sababu ya kuamini kwamba taarifa zako zilivuja kutoka taasisi fulani, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inakupa haki ya kuiuliza taasisi ina taarifa gani zako na imempa nani. Malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Taarifa zako zilikovujia

Usipojua tundu, utaziba bure. Tundu la kawaida kuliko yote ni steshenari. Unatuma picha ya kitambulisho kwenye WhatsApp ya mwenye duka ichapwe, unalipa, unaondoka, na picha inabaki kwenye kompyuta ambayo kila mteja anachomeka flashi yake. Simama hapo mpaka ifutwe kwenye mazungumzo, kwenye folda ya vilivyopakuliwa, na kwenye pipa la taka la kompyuta. Kopi iliyotoka vibaya ichane mwenyewe. Kila kopi unayoitoa chora mistari miwili ya mshazari katikati, uandike kati yake: "Kwa maombi ya akaunti AMCOS tu, 12/3", au kazi yoyote inayohusika, bila kufunika namba. Kopi ya namna hiyo ni ngumu kuitumia kwingine.

La pili ni mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, ambako kitambulisho na kadi ya benki vinawekwa dhamana, na wengine wanaacha hata namba ya siri. Mwalimu au mstaafu aliyefanya hivyo ameshampa mtu mwingine jina lake lote. Hata kama deni limelipwa na kadi imerudi, omba kadi mpya benki. Namba zilizoko juu yake zinaweza kuwa zimenakiliwa.

La tatu ni la msimu. Usajili wa mbolea ya ruzuku, ulioanza msimu wa 2022/2023, unamtambua mkulima kwa namba aliyopewa. Ukiiacha kwa wakala wa pembejeo "akuwekee", mifuko inaweza kununuliwa kwa jina lako, nawe ukifika Mbozi au Makambako mvua zimeanza unaambiwa mgao wako umeshachukuliwa. Nenda mara moja kwa mtendaji wa kijiji na afisa kilimo wa kata, waangalie kwenye mfumo ni wakala gani aliyeuza na lini.

Wiki chache baada ya jaribio la kwanza, tarajia simu ya pili, safari hii ya "msaidizi": polisi wa mtandao, ofisa wa benki, mtu wa TCRA mwenye jina lako kamili na namba yako ya NIDA, anayetaka tu umsomee namba iliyoingia sasa hivi ili akufungie akaunti. Kujua taarifa zako hakumfanyi awe ofisa. Ndizo zilezile zilizovuja. Mitandao ya simu huwapigia wateja kwa namba 100 peke yake. Kata, kisha piga mwenyewe kwenye namba iliyoko nyuma ya kadi yako ya benki.

Piga *106# kila mwisho wa mwezi kwa miezi sita, halafu kila baada ya miezi mitatu. Fanya hivyo na kwa wazee. Mama aliyeko Kyela au baba wa Ileje asiye na simu janja naye ana namba ya NIDA, amewahi kuweka kidole mara nyingi kwa wakala aliyepita kijijini, na hana sababu ya kushtuka mpaka polisi wafike. *106# inafanya kazi hata kwenye kitochi. Mpigie, mwelekeze taratibu, akusomee namba moja moja, na zile zisizo zake mziandike pamoja.